Leso Yenye Tundu

Jumapili, tarehe 22 Agosti 1948. Asubuhi yalianguka manyunyu mepesi, kisha jua likatoka, na upepo wa kusi ukavuma mpaka alasiri ukiniangushia nguo kambani. Nimekaa hapa barazani Changamwe, mguu nimeuweka juu ya kinu kilicholazwa, naandika. Mguu bado ni wangu. Hilo peke yake lingetosha kunifanya mtu wa shukrani, na shukrani ninayo. Lakini nikisema kweli, kila nikiukumbuka ugonjwa wangu kinachotangulia kuja ni aibu. Shukrani inafuata nyuma yake.

Naandika kwa ajili ya wanawake wenzangu watakaolazwa hospitali siku moja na kuambiwa, lala upande, funua. Mimi si msomi. Nilikaa kwa misheni miaka michache, nikatoka nikiweza kusoma na kuandika maneno ya kawaida, kisha nikaolewa. Kama nimekosea mahali, mwenye kujua anisahihishe, sitanuna.

Mambo yalianza kwa debe. Mimi ni mpika vitumbua. Wafanyakazi wa reli wananijua, napanga sinia langu karibu na njia yao asubuhi. Siku ya kuanza masika debe langu la maji lilipasuka ukingo, bati likanikwangua muundi wa mguu wa kushoto, chini ya goti. Jeraha dogo, si la kumwonyesha mtu. Nikapaka majivu, nikafunga kitambaa, nikaendelea kupika. Baada ya siku kidogo nikasikia mtoki umesimama kwenye nyonga kama yai la njiwa. Mvua ilikuwa inapiga usiku na mchana, nikajiambia ni baridi. Kisha mguu ukavimba mpaka ngozi ikang'aa, mstari mwekundu ukapanda kutoka kwenye jeraha kuja juu, na homa ikanishika hata nikawa namwita marehemu mama yangu anipe maji.

Baba Rebeka, mume wangu, aliazima mkokoteni akaniweka juu yake na godoro, akanisukuma yeye mwenyewe kwenye matope mpaka Makupa, kisha kisiwani hadi hospitali. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitaandika kwamba tuligombana, na sitaki mtu amwone vibaya. Mtu aliyenisukuma masafa yale katika mvua ile hawezi kuwa mtu mbaya.

Tulingoja barazani pamoja na watu wengi. Mguu wangu ulikuwa umeanza kutoa harufu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto akasogea polepole kwenye benchi, kidogo, tena kidogo, mpaka kukawa na nafasi ya watu wawili baina yetu. Simlaumu, hata mimi ningesogea. Nilijifunika mguu kwa leso, na ile leso ikawa inanuka vilevile.

Daktari aliuangalia mguu, akabonyeza, akaandika. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba kama haupoi, utakatwa. Lakini kuna dawa mpya, ile waliyopewa askari wakati wa vita, sasa imefika hata kwetu. Akalitaja jina lake. Mimi nilisikia pensili. Nikajibu kwamba nashukuru, kuandika najua kidogo. Sista wa wodi, yule Mzungu, alicheka mpaka akatoa kitambaa. Nilipofahamishwa kwamba ni penisilini, na kwamba ni sindano, na kwamba nitadungwa kila baada ya saa chache mchana na usiku, na mahali penyewe ni kwenye kalio, niliona afadhali ingekuwa pensili.

Lakini mwanzo haukuwa mgumu. Aliyekuwa akinidunga alikuwa nesi, msichana wa bara mwenye mkono mwepesi. Anakuja na trei yake, bomba linanuka spiriti, ananigeuza, kwisha. Kitanda cha jirani alikuwako Bi Mwanasha, mtu wa Likoni, mama wa makamo, amelazwa kwa kichomi naye anadungwa dawa ileile. Huyu alikuwa na mdomo.

"Mama Rebeka," aliniambia siku ya pili, "zamani ukitaka kuhesabu saa unatazama jua. Sisi sasa tunahesabu kwa matako."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tunasema, hili lilitokea kabla ya sindano ya uji, lile baada ya sindano ya taa. Homa ilianza kushuka. Niliweza kunywa mchuzi. Nikajiona nimepona, nikaanza hata kufikiria mchele wa kuloweka kwa vitumbua.

Kisha yule nesi akashikwa na homa mwenyewe. Jioni mlango ukafunguliwa, trei ikaingia, na aliyeishika alikuwa Zakaria.

Hapa lazima nieleze, maana si kila atakayesoma ni mtu wa kwetu. Zakaria ni mume wa binti yangu Rebeka. Ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali ileile, lakini siku zote alikuwa wodi ya wanaume, jengo la mbali, hata sikuwa nimefikiri kwamba tumo ndani ya ua mmoja. Sisi watu wa Rabai mkwe haangaliwi. Mume wa binti yako akitokea njia moja nawe, wewe unaingia majanini, yeye anageuza uso, mnasalimiana kila mtu akitazama upande wake. Hali mbele yako, nawe huli mbele yake. Jina lake hulitamki. Hapa naliandika kwa sababu kalamu haina sauti. Kanisani tuliambiwa mambo mengi ya kale tuyaache, tukayaacha mengi, lakini hili halikutoka. Na kama wakwe wakionana utupu, wazee wanasema ndoa imeingia ufa, mtoto atakayezaliwa hatakuwa salama. Rebeka wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza.

Aliponiona alisimama pale pale. Akageuka akaukabili ukuta, akasema, "Kuna mgonjwa hapa wa sindano."

Mimi nilikuwa nimevuta shuka mpaka utosini.

"Bi Mwanasha," akasema kwa ukuta, "mwambie mama kwamba nimeomba mtu mwingine na hakuna. Mwambie alale upande."

"Mwambie aliyesema," nikajibu ndani ya shuka, "kwamba mama halali upande."

Bi Mwanasha akatazama huku na huku. "Nyote mko hapa na nyote mna masikio. Mimi nimekuwa nani, waya wa simu?"

Nilipomweleza kwa kunong'ona kwamba huyu ni mkwe wangu, alitikisa kichwa kuafiki, maana na wao watu wa Likoni wana heshima zao. Kisha hakujiweza. "Kumbe una makalio ya kiserikali. Hayafunguliwi ila kwa kibali."

Zakaria alimdunga yeye, akatoka. Mimi sikudungwa. Wala ile iliyofuata sikudungwa, wala iliyofuata hiyo. Kila mara alikuja, akasimama kuelekea ukuta, akaomba kupitia kwa Bi Mwanasha, nami nikakataa kupitia kwa Bi Mwanasha. Mara moja sauti yake ilikuwa karibu kulia. Sikumhurumia. Nilifikiri nahifadhi kitu cha binti yangu, na bado siwezi kusema kwa hakika kwamba nilikuwa mjinga. Wazee waliotufundisha hawakuwa wajinga. Ila hawakuijua sindano hii.

Asubuhi homa ilikuwa imerudi yote. Mguu ulikuwa na rangi ya bilingani. Sista akaja na karatasi za kitanda, akauliza mbona hakuna sindano za usiku, akamwita Zakaria hapohapo mbele ya wagonjwa akamsema. Alimwita mvivu. Alimwuliza kama alikuwa amelala kazini. Nilikuwa nangoja aseme, mgonjwa alikataa. Ingekuwa kweli tupu. Yeye alisimama na mikono nyuma akasema, "Nimekosa, Sista."

Basi. Sista akaondoka, yeye akamfuata. Mimi nikabaki nimeangalia dari. Ilinipasa nimwite yule Sista nimwambie ukweli, na sikumwita, kwa sababu ningemwambiaje? Kwa maneno gani? Aibu ya kwanza ilikuwa ya mwili, nayo ina shuka ya kuifunika. Hii ya pili haikuwa na shuka.

Bi Mwanasha alikuwa amekaa kitandani anachambua wali wa hospitali, anatoa mawe. Hakunitazama. Akasema, "Nilikuwa na mwana, Mama Rebeka. Mkubwa. Alikanyaga msumari penye gati la Likoni. Mguu ulikuwa hivi hivi kama wako, rangi hii hii. Tulimpeleka, wakasema akatwe, yeye akasema hapana, dawa nyingine haikuwako. Aliondoka na mguu wake mzima, tukamzika nao."

Nikamwuliza lini. Akasema kabla ya vita.

"Sikusemi," akasema. "Kila mtu na haya zake. Lakini wallahi kila yule kijana akitoka na bomba limejaa, mimi nalitazama lile bomba."

Saa ya wageni Rebeka alikuja na uji wa mtama, tumbo limemtangulia. Mumewe alikuwa amekwisha kumwambia. Alinikalisha, akaninywesha vijiko viwili, akaona kwamba sishiki kitu tumboni, akaweka bakuli chini.

"Mama, unaniogopea mimi?"

"Nakuogopea wewe na huyo uliye naye."

"Na ukifa kwa ajili yetu, huyu nikimzaa nimwambie bibi yake alikufa kwa nini? Kwa kalio?"

"Usiseme maneno hayo mbele ya watu."

"Watu wote wanajua, mama. Wodi nzima inajua. Hata yule wa kule mwisho asiyesikia anajua."

Yule wa kule mwisho akapunga mkono. Kumbe alikuwa anasikia.

Rebeka alikaa akifikiri, akivuta uzi kwenye pindo la leso yangu. Nilikuwa na doti nzima hospitalini, jozi ambayo baba yake alininunulia Krismasi, nyekundu na nyeusi. Ghafla akamwomba Bi Mwanasha kisu chake cha maembe. Akaitandaza leso moja kitandani, akatafuta mahali pasipo na maandishi, maana hakutaka kukata maneno, akatoboa tundu. Tundu dogo, la duara, kama lile la katikati ya sarafu ya senti kumi, ila limezidi kidogo.

"Hii juu ya kiuno," akasema. "Na ya pili juu ya kichwa chako. Yeye ataona pa sindano tu. Wewe hutaona kitu. Kama ni utupu, ni utupu wa ukubwa huu." Akanionyesha kwa vidole.

Nilisema leso mpya imeharibika. Ndilo neno nililolipata. Yeye akasema, "Ndiyo, imeharibika."

Sindano ya taa ilipofika Zakaria aliukabili ukuta kama kawaida. Bi Mwanasha akamwambia, "Geuka, bwana. Leo kuna dirisha." Mimi nilikuwa nimelala upande, kichwa ndani ya leso. Nikasikia spiriti, baridi, mahali padogo sana. Kisha ikaingia. Ilikuwa na uchungu kuliko ya yule nesi, lazima niseme kweli, mkono wake ulikuwa unatetemeka. Alipomaliza akasema, "Bi Mwanasha, mwambie mama pole."

"Mwambie aliyesema," nikasema, na sikuweza kumaliza. Nililia ndani ya leso.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea mpaka nesi akapona. Siku za kati walinipasua muundi kutoa usaha, ukajaa beseni. Nilikonda mpaka pete ikawa inaanguka, nikaifunga kwa uzi. Nywele zilitoka kwa mafungu. Ngozi ya mguu ilimenyuka kama ya kitunguu, na chini yake ikatokea nyingine, laini, rangi ya waridi, kama ya mtu mwingine. Sasa imekuwa nyeusi tena, lakini kifundo ni kigumu, natembea nikikokota. Nilimwuliza Sista kama ni kwa sababu ya zile sindano nilizokosa. Hiyo ndiyo siku niliyomwambia kwamba mwenye kosa ni mimi, si dresa. Akasema huenda ndiyo, huenda sivyo, jeraha lilikuwa limekaa sana. Juu ya Zakaria hakusema kitu, lakini kesho yake nilimsikia akimsalimu kwa jina. Sijui kama hiyo ilitosha. Naona haikutosha.

Siku moja Zakaria akiwa anamdunga Bi Mwanasha alieleza dawa imetoka wapi, akisema naye ili mimi nisikie. Akasema asili yake ni koga. Ile ya kijani, inayoota juu ya mkate uliolala. Mtu mmoja msomi Ulaya aliona koga inaua vijidudu, wenzake wakaifanya dawa. Bi Mwanasha akasema huo uongo hata mtoto haununui. Miaka yote nimekuwa nikivitupa vitumbua vilivyoota koga nyuma ya nyumba, huku naona haya majirani wasione. Sasa nikiviona nasimama kidogo kabla ya kutupa. Navitupa bado, sijui kuvifanya kitu kingine. Msije mkavila wala kuvipaka kwenye vidonda. Nilimwuliza nesi, akasema nisithubutu.

Ugomvi na Baba Rebeka ulikuwa huu. Alipopata habari ya ile sindano alikuja, akasimama miguuni pa kitanda. "Ungenitumia neno kwanza."

"Ungekuja kunidunga wewe?"

Akaondoka, na siku nyingi hakuja tena. Nilidhani ameniacha. Kumbe alikuwa amekwenda Rabai kwa wazee wa pande zote mbili, kulisema jambo yeye mwenyewe kabla halijasemwa na wengine. Alikaa nao akisikiliza maneno mazito juu yangu na hakuniletea hata moja. Kaka yake Baba Rebeka alitaka Rebeka arudishwe nyumbani kwetu. Wazee walibishana, wengine wakacheka, na mwisho wakasema jambo la namna hii halina mfano, basi mkwe amfunike mkwe. Kijana alete leso mpya amfunike mama mkwe mabegani mbele ya watu, na mtoto akizaliwa salama, neno limekwisha.

Mtoto amezaliwa. Ni msichana, ana kelele, na ni mzima. Leo wamekuja naye baada ya kanisa, na Zakaria ameleta doti mpya, ya buluu. Baba Rebeka aliita majirani wachache barazani. Nilikaa kwenye kigoda, nimeinamisha kichwa, yeye akaja kwa nyuma akaniwekea leso mabegani, nikasikia tena ule mtetemo wa mkono, nikaujua. Bi Mwanasha alikuwa ameahidi kuvuka aje kutoka Likoni, lakini hakuja. Ametuma barua ya salamu kwamba kifua ni kizima na makalio yake yanayasalimu yale ya kiserikali. Rebeka alizisoma salamu hizo kwa sauti. Nilitamani ardhi inimeze, na hapohapo nikacheka.

Wazee walikuwa wamesema leso ya zamani ichomwe. Sikuichoma. Nimeitundika kwenye mlango baina ya jiko na chumba cha mbele iwe pazia, maana leo kwa mara ya kwanza Zakaria amekula nyumbani kwangu, na nilijua sote hatutaweza kumeza bila kitu katikati. Wanaume walikaa mbele, mimi na Rebeka na mtoto jikoni. Tundu limeangukia usawa wa macho yangu nikiwa nimekaa. Sikukusudia. Nilipoinua uso niliona kwa hilo tundu mkono wake tu, unakata tonge, unachovya, unaondoka, unarudi. Sikuona kingine. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Mkono ukakaa, ukangoja. Nikaelewa sahani imekwisha.

"Aliyeko huko aambiwe," nikasema, "kwamba sima ipo nyingine."

Kisha sauti ikasema, "Aliyesema aambiwe kwamba nashukuru, nitaipokea."

"Mimi si Bi Mwanasha," Rebeka akasema, akinyonyesha, wala hakuinuka. Basi niliisukuma sahani mwenyewe chini ya leso. Ilikuwa sima ya mahindi, kisamvu cha nazi, na kipande cha ng'onda, samaki mkavu, nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya Baba Rebeka.